Simbilisi anapohema kwa sauti: Lini asubiriwe, lini akimbizwe kwa daktari

SAUTI hiyo mara nyingi husikika usiku, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala. Kutoka katika kizimba kilichowekwa pembeni mwa ukumbi, simbilisi anahema, na kila pumzi inatoka na mlio mdogo, mithili ya mtu mwenye mafua.

Kwa familia inayoishi Magomeni, Dunda au Kaole wilayani Bagamoyo, swali linalofuata si jepesi. Daktari aliyezoea kutibu wanyama wadogo wa aina hiyo hapatikani katika kila mtaa, na safari ya kwenda Dar es Salaam, umbali wa kilometa zipatazo 65, ina gharama ya nauli na ya siku nzima ya kazi.

Kwa upande mwingine, mnyama huyo ambaye akikomaa huwa na uzito wa kati ya gramu 700 na 1,200 hana akiba kubwa ya nguvu. Maradhi ya mapafu yanaweza kumuua ndani ya siku chache, na wakati mwingine kabla mwenye nyumba hajatambua kwamba alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kusubiri au kuondoka usiku huohuo hauwezi kuachwa kwa kubahatisha. Zipo dalili ambazo mtu asiye na utaalamu anaweza kuzisoma kwa macho, kwa masikio na kwa saa ya mkononi.

Mgeni kutoka milima ya Andes

Simbilisi, ambaye baadhi ya watu humwita pimbi kwa makosa ilhali pimbi ni mnyama wa porini aishiye katika majabali, asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia na Ecuador walimfuga kwa ajili ya kitoweo maelfu ya miaka iliyopita.

Katika Afrika Mashariki na Kati anafugwa kwa nyama katika sehemu za Nyanda za Juu Kusini, ikiwamo Iringa, na pia Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Huko ni mfugo wa kaya isiyo na uwezo wa kununua ng'ombe au mbuzi. Mijini, wapo wanaomfuga kwa mapenzi tu, hasa kwa ajili ya watoto.

Sayansi nayo inamfahamu vyema. Mwaka 1882, Robert Koch wa Ujerumani alipothibitisha kuwa kifua kikuu husababishwa na bakteria, simbilisi walikuwa miongoni mwa wanyama aliowatumia katika majaribio yake. Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway waligundua kuwa simbilisi asiyepata majani mabichi hupatwa na kiseyeye kama binadamu.

Ugunduzi huo wa pili una maana kubwa kwa mfugaji wa leo. Mwili wa simbilisi, tofauti na wa sungura au wa kuku, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Anayeikosa hudhoofika, na mwili dhaifu ni mlango wazi kwa vijidudu vya mapafu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba simbilisi ni mnyama wa kuwindwa. Kwa maumbile yake huficha ugonjwa, kwa kuwa porini anayeonyesha unyonge ndiye huliwa kwanza. Dalili inapoonekana wazi, mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha kukaa mwilini kwa muda.

Sauti zisizotisha

Si kila sauti ni ugonjwa. Simbilisi ni mnyama mwenye maneno mengi, na mfugaji mgeni anaweza kuingiwa na hofu bila sababu.

Mluzi mkali unaopanda juu ni wa kudai chakula. Husikika mlango wa friji unapofunguliwa au mfuko wa majani unapochakarika. Mlio mzito wa kuunguruma taratibu, unaofuatana na mtikisiko wa mwili, ni wa dume anayemtongoza jike, au wa mnyama anayepapaswa na kuridhika. Kugonganisha meno ni ishara ya hasira au onyo kwa mwenzake.

Chafya moja moja pia ni jambo la kawaida. Simbilisi hupiga chafya vumbi la nyasi kavu au la maranda ya mbao linapomwingia puani, sawa na binadamu anayefagia chumba kilichofungwa muda mrefu.

Upo vilevile mkoromo wa ghafla unaoweza kudumu sekunde kadhaa, unaotokea pale kamasi iliyokauka au kijiti cha jani kinapokwama kwenye pua. Mnyama hutikisa kichwa, hupiga chafya, kisha huendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kinachoziunganisha sauti hizi ni kwamba zinapita. Mnyama anabaki mchangamfu, macho yake yanang'aa, pua ni kavu, na anakimbilia chakula kikiletwa.

Sauti za kutilia shaka

Hali ni tofauti pale sauti inapoambatana na kila pumzi na kuendelea hata mnyama akiwa ametulia. Sauti hizo ni za namna kuu tatu.

Ya kwanza ni mlio mwembamba kama wa filimbi iliyoziba, unaotokana na njia ya hewa iliyobanwa na uvimbe au kamasi. Ya pili ni mkoromo wa majimaji, kama mtu anayevuta uji kwa mrija. Ya tatu ni mtatariko mdogo mdogo, unaofanana na chumvi inayotupwa motoni, ambao husikika vizuri zaidi mtu anapotega sikio kwenye mbavu.

Namna rahisi ya kupima ni kumweka mnyama mapajani katika chumba kimya, kumwacha atulie dakika chache, kisha kutega sikio kwanza karibu na pua na baadaye ubavuni, upande mmoja baada ya mwingine. Mlio unaosikika puani pekee unaweza kuwa wa njia ya juu ya hewa. Unaosikika mbavuni unaelekeza kwenye mapafu, na huo haupaswi kusubiriwa.

Bakteria wanaosababisha homa ya mapafu kwa simbilisi mara nyingi ni wa jamii mbili, Bordetella bronchiseptica na Streptococcus pneumoniae. Wa kwanza huweza kuishi ndani ya mbwa na sungura bila kuwaletea maradhi yoyote ya kuonekana. Ndiyo maana ushauri wa kutomchanganya simbilisi na sungura katika banda moja unasisitizwa, ingawa wafugaji wengi huwaona kama ndugu.

Hata hivyo, si kila kuhema kwa shida hutoka mapafuni. Tumbo lililojaa gesi na kukaza kama ngoma husukuma kifua na kumnyima mnyama nafasi ya kupumua. Moyo uliochoka kwa uzee nao hujaza maji mapafuni. Jike aliyekaribia kuzaa, baada ya mimba ya siku kati ya 59 na 72, huhema haraka kuliko kawaida kwa kuwa tumbo limemjaa.

Hesabu ya pumzi

Kipimo kisichohitaji chombo chochote zaidi ya saa ni kuhesabu pumzi. Simbilisi mzima aliyetulia huhema kati ya mara 40 na 100 kwa dakika.

Mfugaji anatakiwa kuangalia ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 15, kisha kuzidisha idadi hiyo kwa nne. Mnyama aliyehesabiwa pumzi 15 katika muda huo anahema mara 60 kwa dakika, na hiyo ni hali ya kawaida. Aliyehesabiwa 30 anahema mara 120, na kama amepumzika kivulini, idadi hiyo ni ya kutia wasiwasi.

Hesabu isifanywe mara tu baada ya kumkamata au kumkimbiza, kwa kuwa hofu pekee huongeza pumzi.

Zaidi ya idadi, namna ya kuhema nayo husema mengi. Ubavu unaoingia ndani kwa nguvu katika kila pumzi, pua zinazotanuka, kichwa kilichonyanyuliwa na shingo iliyonyooshwa ni dalili za mnyama anayetafuta hewa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mdomo kuachama. Simbilisi kwa maumbile hupumua kwa pua. Akionekana anahema kwa mdomo, maana yake njia ya kawaida imeshindwa.

Ngazi tatu za uamuzi

Kutokana na dalili hizo, uamuzi unaweza kupangwa katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kusubiri na kuangalia. Inamhusu mnyama anayepiga chafya mara chache au anayekoroma kwa muda mfupi, huku akila, akinywa na kunya kama kawaida. Huyu abadilishiwe matandiko, aondolewe penye moshi na vumbi, na aangaliwe asubuhi na jioni. Iwapo sauti haijaisha baada ya siku moja, au imeongezeka, amepanda ngazi.

Ngazi ya pili ni kumwona daktari siku hiyohiyo au, ikishindikana, ndani ya saa 24. Inamhusu mnyama mwenye mlio katika kila pumzi, ute au usaha puani au machoni, manyoya yaliyosimama, kujikunyata pembeni, kikohozi, au kupungua kwa hamu ya kula. Inamhusu pia aliyepoteza uzito unaofikia sehemu moja ya kumi. Kwa mfano, aliyekuwa na gramu 900 na sasa ana gramu 810.

Ngazi ya tatu ni dharura, isiyosubiri kukuche. Ni kuhema kwa mdomo, ufizi au midomo kuwa ya buluu au kupauka, mwili kulegea, tumbo kukaza, au kushindwa kabisa kula kwa nusu siku na zaidi huku anahema kwa shida.

Suala la kula si dogo. Utumbo wa simbilisi umeumbwa kufanya kazi mchana na usiku, na chakula kinapokatika, gesi hujaa na bakteria wabaya huongezeka. Simbilisi wengi wenye homa ya mapafu hufa kwa sababu matumbo yamesimama, si kwa mapafu pekee.

Kwa ukanda wa Pwani, joto ni suala la pekee. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana Bagamoyo hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na unyevu wa bahari hulifanya kuwa zito zaidi. Simbilisi aliyeumbiwa baridi ya milimani hapaswi kukaa katika hali hiyo bila kivuli na upepo.

Aliyezidiwa na joto huhema upesi, hutokwa mate na kulala amejinyoosha bila nguvu. Huyo ahamishiwe mahali penye ubaridi, aloweshwe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, wala si ya barafu, na apelekwe kwa daktari hata akionekana kupata nafuu.

Hatari ya dawa za dukani

Kosa linaloweza kumuua mnyama kwa haraka kuliko ugonjwa wenyewe ni kumpa dawa iliyobaki nyumbani, au ile ya unga inayouzwa kwa ajili ya kuku.

Amoksilini, ampisilini na penisilini, ambazo humponya binadamu, ni sumu kwa simbilisi zikipitia mdomoni. Zinaua bakteria wema wa utumbo na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Mnyama huharisha, hupoa mwili na kufa katika siku chache. Linkomaisini, klindamaisini na eritromaisini zimo katika kundi hilohilo la hatari.

Zipo dawa za kuua bakteria ambazo simbilisi huzistahimili, zikiwamo enrofloksasini na mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu. Hata hivyo, kiasi chake hupimwa kwa uzito wa mnyama, na kosa la kukadiria kwa kijiko kwa mnyama wa gramu 800 ni kubwa mno. Kazi hiyo ni ya daktari.

Dawa za mafua za binadamu, mafuta ya kuchua yenye harufu kali na mvuke wa mkaratusi navyo viepukwe. Kinachomfungua mtu mzima pua kinaweza kuziunguza njia nyembamba za hewa za mnyama mdogo.

Kumlazimisha kula nako kuna mpaka wake. Mnyama anayehema kwa mdomo asilishwe uji kwa bomba la sindano, kwani chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Safari ya kwenda kwa daktari

Mahali pa kuanzia kwa mkazi wa Bagamoyo ni ofisi ya mifugo ya halmashauri, ambako anaweza kuelekezwa kwa daktari aliyesajiliwa. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, taaluma hiyo nchini husimamiwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na mfugaji ana haki ya kuuliza iwapo anayemhudumia amesajiliwa.

Dar es Salaam ina madaktari binafsi wanaotibu mbwa na paka, ambao baadhi yao huwapokea wanyama wadogo. Wapo pia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, ambako madaktari wa mifugo hufundishwa; kutoka Bagamoyo hufikiwa kwa barabara ya Msata na Chalinze.

Ni vyema kupiga simu kabla ya kuondoka na kutaja wazi kuwa mgonjwa ni simbilisi. Madaktari wengi siku zao hupita kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, na taarifa ya mapema humpa mhusika nafasi ya kujiandaa au kumwelekeza mfugaji kwa mwenzake.

Mnyama asafirishwe katika boksi imara lenye matundu ya hewa, limetandikwa kitambaa na kuwekwa majani mabichi. Boksi lisifungwe kwenye mfuko wa nailoni, lisiachwe juani kituoni, wala lisiwekwe karibu na injini. Safari ya alfajiri au jioni, jua likiwa limepungua ukali, ni bora kwa asiye katika dharura.

Mfugaji abebe majibu ya maswali atakayoulizwa: umri na uzito wa mnyama, chakula chake, siku sauti ilipoanza, wanyama wengine waliomo nyumbani, na dawa yoyote aliyokwisha kupewa. Kuficha kwamba alipewa amoksilini kwa kuona haya ni kumnyima daktari taarifa inayoweza kuokoa maisha. Wenye simu za kamera wanaweza kurekodi sauti hiyo, kwani mnyama aliyeogopa mara nyingi hunyamaza mbele ya mgeni.

Daktari atasikiliza kifua, atapima joto na uzito, na panapowezekana atapiga picha ya eksirei. Mgonjwa anaweza kupewa dawa ya bakteria, maji ya kuongezewa chini ya ngozi, vitamini C na chakula laini. Dozi inapotolewa, ikamilishwe hata kama sauti imekoma siku ya tatu.

Kinga huanzia nyumbani

Chanzo cha matatizo mengi ya pumzi kimo ndani ya nyumba. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani unaofukizwa jioni vyote hukera mapafu ya mnyama anayeishi karibu na sakafu. Kizimba kiwekwe mbali na jikoni, na siku ya kufukiza kihamishiwe chumba kingine.

Mkojo uliolowanisha matandiko hutoa amonia, ambayo huchubua njia za hewa na kuwapa bakteria nafasi. Kanuni rahisi ni kwamba mtu akiinamia kizimba na harufu ikamchoma pua, mnyama amekwisha kuumia. Wakati wa masika, matandiko hukawia kukauka na kushika ukungu, hivyo yabadilishwe mara kwa mara zaidi.

Maranda yawe makavu na yasiwe na vumbi wala harufu kali ya mbao. Kizimba kiwe na upepo unaopita juu yake, si unaompiga mnyama moja kwa moja.

Upande wa chakula, Bagamoyo haina uhaba. Nyasi mbichi ziwepo wakati wote, zikifuatwa na mchicha, matembele na kipande cha pilipili hoho. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kipande kidogo kinatosha kwa siku. Chakula cha sungura cha viwandani kisitegemewe peke yake, kwa kuwa hakitengenezwi kwa kuzingatia hitaji la vitamini hiyo.

Simbilisi mpya atengwe kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuunganishwa na wenzake. Mgonjwa naye atengwe, na vyombo vyake vioshwe peke yake.

Wanafamilia wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia. Maambukizi kutoka kwa simbilisi kwenda kwa binadamu ni ya nadra, lakini yapo: mwaka 2017 madaktari nchini Uholanzi walieleza habari za wagonjwa watatu waliopata homa kali ya mapafu kutokana na bakteria Chlamydia caviae, wote wakiwa wamekaa karibu na simbilisi wagonjwa. Mwenye kuhudumia simbilisi mgonjwa akipatwa na homa na kikohozi, amweleze daktari wake habari za mnyama huyo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima, na haibagui kati ya ng'ombe wa kilo 300 na simbilisi wa gramu 800.

Njia nyepesi ya kutimiza wajibu huo ni mizani ya jikoni na daftari. Uzito ukiandikwa kila wiki, pamoja na idadi ya pumzi za mnyama akiwa mzima, siku sauti ngeni itakaposikika usiku mwenye nyumba atakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Ataweza kumpima, kuhesabu kwa sekunde 15, kutega sikio ubavuni, na kujua iwapo alale hadi asubuhi au aanze kutafuta usafiri.